Anayenunua Ndiye Anayeuza

Ukitoka Bulumbi wilayani Busia ukapitia Tororo na Mbale, kisha ukashika barabara ya Tirinyi, utafika Kamonkoli wilayani Budaka, penye kiwanda cha vigae na matofali ya kuchoma cha Uganda Clays. Makao ya kampuni yako Kajjansi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, na hisa zake ndizo zilizokuwa za kwanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Uganda, mwaka 2000. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikopa takriban shilingi bilioni 11 za Uganda kwa ajili ya Kamonkoli. Aliyekopesha hakuwa benki. Alikuwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni wa wafanyakazi, na mfuko huohuo unamiliki karibu theluthi moja ya hisa za Uganda Clays, kuliko mwanahisa mwingine yeyote. Miaka ikapita, mkopo ukakawia kulipwa, riba ikajilimbikiza juu ya riba, hadi deni likakaribia mara mbili ya fedha zilizotolewa. Ukaanza mjadala mrefu: mfuko udai chake, upunguze riba, au ugeuze deni liwe hisa?

Tazama ni akina nani waliokaa pande mbili za mkopo huo. Mfanyakazi wa kiwanda cha saruji Tororo hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, mwajiri akaongeza asilimia 10, na zote zikaingia NSSF. Huyo ndiye mkopeshaji. Mwalimu mstaafu wa Busia aliyenunua hisa chache za Uganda Clays ndiye mkopaji. Riba ikiwa kubwa, mfanyakazi anafaidika na mwalimu anaumia. Ikiwa ndogo, inakuwa kinyume chake. Kama mfanyakazi huyo naye ana hisa, basi anajidai mwenyewe. Katikati yao kuna taasisi moja yenye mkono kote kuwili. Sisemi kwamba kulikuwa na wizi. Mwanahisa mkubwa kuiokoa kampuni yake ilipokwama ni jambo la kawaida na mara nyingi ni jema. Ninachosema ni kwamba tumeweza kuujadili mkopo huu, magazetini na mitaani, kwa sababu uliandikwa: jina la mkopeshaji, kiasi, riba, na uhusiano wake na kampuni. Bila maandishi hayo mwalimu angeona tu faida inayeyuka mwaka baada ya mwaka, asijue inakwenda wapi.

Wahasibu huita shughuli za namna hii miamala na pande zenye uhusiano. Kanuni inayozisimamia katika Afrika Mashariki ni Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 24, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2009 na kuanza kutumika hivyo Januari 2011. Kwa mujibu wake, wenye uhusiano na kampuni ni mwenye mamlaka juu yake au ushawishi mkubwa ndani yake, wakurugenzi na mameneja wakuu, jamaa zao wa karibu, na kampuni nyingine ambazo watu hao wanazitawala. Kampuni ikiuziana nao, ikikopeshana nao, ikikodi nyumba yao au hata ikipokea huduma yao bila malipo, sharti iseme katika taarifa zake za mwaka: uhusiano ni upi, kiasi gani kimepita, kiasi gani hakijalipwa na kwa masharti gani. Mwanakijiji hahitaji elimu ya uhasibu kuuelewa msingi wake. Chama cha mazishi kikikodi hema na viti kutoka kwa mweka hazina wake, huenda hema ni zima na bei ni nafuu. Lakini wanachama wana haki ya kujua ni la nani kabla fedha hazijatoka, na mweka hazina hapaswi kuwa ndiye anayeamua bei. Katika chama, hata asiposema, jirani atamwambia jirani kabla ya jua kutua. Katika kampuni yenye wanahisa maelfu waliotawanyika kutoka Mombasa hadi Kasese hakuna jirani wa kumwambia mwenzake. Kilichopo ni karatasi, na karatasi ikinyamaza hakuna atakayejua.

Kimya cha karatasi kiliwahi kuigharimu Kenya sana, tena katika kazi ambayo watu wa mpakani wanaijua kwa undani: kutoa mizigo forodhani. CMC Holdings ilikuwa kampuni kongwe ya kuuza magari na matrekta, ikiwa na biashara hadi Uganda, na hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2011 bodi yake ilipasuka. Upande mmoja ulidai kwamba Andy Forwarders, kampuni ya uwakala wa forodha iliyokuwa ikitoa magari ya CMC bandarini na kuyasafirisha, ilikuwa ikiitoza CMC kupita kiasi; na mwenye Andy Forwarders alikuwa mkurugenzi wa CMC, mwanahisa wake mkubwa, na baadaye mwenyekiti wake. Madai hayo yalikanushwa vikali. Upande wa pili ukafichua kwamba kwa miaka mingi baadhi ya wakurugenzi wa zamani walikuwa na akaunti katika kisiwa cha Jersey, iliyotiwa fedha zilizotokana na ununuzi wa magari ya kampuni. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikaagiza uchunguzi, na mwaka 2012 ikawachukulia hatua wakurugenzi kadhaa. Wengine wakaipinga mahakamani.

Ni nani alikosa na nani hakukosa, kesi zilichukua miaka. Kwa mwanahisa mdogo madhara hayakusubiri hukumu. Biashara ya hisa za CMC ilisimamishwa Septemba 2011, na tangu siku hiyo aliyekuwa nazo hakuweza kuziuza alipie karo au hospitali. Alikaa nazo zaidi ya miaka miwili, mpaka Al-Futtaim ya Dubai ilipoinunua kampuni yote mwaka 2014 kwa shilingi 13 za Kenya kila hisa, na jina la CMC likafutwa sokoni. Fikiria wakala yeyote wa Busia au Malaba: anajua ada ya kutoa lori moja au kontena moja, anajua na ya mshindani wake. Kama ripoti za mwaka za CMC zingeandika waziwazi kwamba kazi ya uwakala imepewa kampuni ya mkurugenzi fulani, kwa ada hii kwa kila gari, na kwamba mawakala wengine wawili walitaka kiasi hiki, ubishi wote kuhusu kutozwa kupita kiasi ungemalizwa na watu wenye kalamu na daftari. Ufichuzi unamkinga hata mtuhumiwa. Mkurugenzi mwenye bei ya haki hana ushahidi bora zaidi wa kujitetea kuliko bei iliyotangazwa mapema.

Hiyo mapema ndiyo kiini cha hoja yangu. Sheria zetu hazina upungufu mkubwa wa kuamrisha. Sheria ya Makampuni ya Uganda ya 2012 na ile ya Kenya ya 2015 zote zinamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake katika mkataba wa kampuni, na kiwango namba 24 kinataka miamala ionekane katika hesabu. Lakini hesabu za mwaka humfikia mwanahisa miezi kadhaa baada ya mwaka kwisha. Muamala uliofanywa Februari anausoma Mei ya mwaka unaofuata, wakati fedha zimekwisha kwenda na mkataba umekwisha kutiwa saini. Na ufichuzi uliochelewa unaweza kuumiza kuliko kukosekana kabisa. Benki ya Chase ya Kenya haikuwa imeuza hisa zake sokoni, ila mwaka 2015 ilikusanya shilingi bilioni 4.8 kwa hati fungani iliyoorodheshwa Nairobi. Hesabu zake za mwaka huo zilitoka mara mbili. Toleo la pili, la Aprili 2016, lilionyesha mikopo ya zaidi ya shilingi bilioni 13 kwa watu wa ndani ya benki na washirika wao, ilhali toleo la kwanza lilionyesha chini ya nusu ya hizo. Wenye amana wakakimbilia matawini, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ikaifunga benki na kuiweka chini ya mrasimu. Watetezi wa benki walisema mzozo ulihusu namna ya kuainisha mali za upande wake wa Kiislamu. Hata tukilikubali hilo, taarifa ambayo ingetolewa muamala kwa muamala, kadiri fedha zilivyokuwa zikitoka, isingemshtua mtu kiasi cha kuacha chakula mezani akapange foleni. Iliyotolewa yote kwa mkupuo ilikuwa baruti.

Wapo watakaosema ninazikuza hatari za biashara ambazo bila hizo makampuni yetu yasingekuwepo. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Angalia kiwanda cha kusaga klinka cha Hima Cement kilichofunguliwa Tororo mwaka 2018. Hima ilimilikiwa asilimia 70 na Bamburi Cement, iliyokuwa imeorodheshwa Nairobi, na Bamburi ilikuwa chini ya Lafarge, baadaye Holcim ya Uswisi. Kampuni ya ukoo kama huo hununua malighafi kutoka kwa ndugu zake wa ng'ambo, hulipia utaalamu wa wahandisi wao, hulipia hata haki ya kutumia jina. Safaricom nayo kwa miaka mingi ilimlipa Vodafone, mwanahisa wake mkuu, ada ya leseni ya M-Pesa, hadi mwaka 2020 Safaricom na Vodacom, ambayo ni ya ukoo uleule wa Vodafone, zilipoinunua M-Pesa kwa pamoja. Je, Kenya ilipoteza kwa ada hizo? Bila mtaji na ujuzi wa Vodafone huenda huduma ambayo leo inatumika kila duka la Busia isingezaliwa kabisa mwaka 2007. Nakubali. Lakini huoni kwamba hoja hii inahalalisha muamala, na wala haihalalishi kuuficha? Ada ya leseni ikiwa ya haki mwanzoni, inaweza kuacha kuwa ya haki baada ya miaka kumi, wakati kazi yote ya kuikuza huduma imefanywa na kampuni ya hapa. Wanahisa na wachambuzi waliweza kuuliza swali hilo kwa kuwa ada ilikuwa inaonekana. Kila shilingi inayopanda kwenda kwa mwanahisa mkuu kama ada ni shilingi ambayo mwanahisa mdogo hatagawiwa. Mgao wa faida hugawanywa kwa wote kwa kadiri ya hisa zao. Ada huenda kwa mmoja peke yake. Na serikali ina lake hapo pia, kwa sababu ada hupunguza faida inayotozwa kodi.

Kuuzwa kwa Hima kunatupa kipimo kizuri. Bamburi ilipouza asilimia zake 70 kwa Sarrai Group na Rwimi Holdings za Uganda, muamala uliokamilika mwaka 2024, bei ilikuwa dola milioni 84. Wanunuzi hawakuwa wa ukoo wa Holcim, na Holcim ilikuwa na asilimia 30 nyingine za Hima kupitia kampuni yake nyingine, hivyo ilitaka bei nzuri sawasawa na mwanahisa mdogo kabisa wa Bamburi. Muuzaji na mnunuzi walivutana, na bei ikatoka katika mvutano huo. Hicho ndicho kinachokosekana pande zote mbili zinapokuwa na bwana mmoja, na ndicho ufichuzi unachojaribu kukifidia.

Hufidia vibaya ukiandikwa vibaya. Ripoti nyingi huwa na ukurasa mmoja, ndani kabisa ya maelezo ya mwisho, wenye jedwali: manunuzi kutoka kampuni za kundi, kiasi fulani, ada za usimamizi, kiasi fulani, salio, kiasi fulani. Chini yake husemwa kuwa miamala ilifanywa kwa masharti ya kawaida ya soko. Sentensi hiyo inapendwa mno, na watu wachache wanajua kuwa kiwango namba 24 chenyewe kinaikataza isipokuwa kampuni inaweza kuithibitisha. Ningependa kila mwanahisa alijue hilo. Jumla kubwa iliyokusanya miamala arobaini haimwambii mtu kama bei ilikuwa ya haki. Humwambia tu kwamba kuna kitu. Enron ya Marekani, iliyoanguka mwaka 2001, haikunyamaza kabisa kuhusu ubia uliokuwa ukiendeshwa na mkuu wake wa fedha, Andrew Fastow. Katika maelezo ya hesabu zake iliandika juu ya ubia ambao msimamizi wake ni afisa mwandamizi wa kampuni. Jina halikutajwa hapo, na maelezo yalikuwa mazito kiasi kwamba wachambuzi wa kulipwa walikiri hawayaelewi. Masharti ya kuandika yalitimizwa, na wafanyakazi maelfu wakapoteza akiba zao za uzeeni.

Kuna eneo moja ambalo kanuni zenyewe zimelegea, nalo linatuhusu sana. Mabadiliko ya 2009 katika kiwango namba 24 yaliruhusu kampuni zinazotawaliwa na serikali moja kutotoa maelezo kamili ya miamala kati yao. Zinatakiwa kueleza tu ile iliyo mikubwa. Sababu ilikuwa ya busara, kwani katika nchi kama China karibu kila kampuni ingekuwa na uhusiano na nyingine. Lakini chukua KenGen na Kenya Power. Zote zimeorodheshwa Nairobi. Hazina ya Kenya ina asilimia 70 ya ya kwanza na asilimia 50.1 ya ya pili. Na karibu umeme wote wa KenGen hununuliwa na Kenya Power. Bei ya umeme huo ikipanda, mwanahisa wa KenGen anacheka na wa Kenya Power analia, na mwenye kuamua, mwisho wa yote, ni serikali iliyo pande zote. Watu wengi wa kawaida waliingia katika soko la hisa kwa mara ya kwanza mwaka 2006 kupitia hisa za KenGen. Sioni kwa nini mtu huyo aelezwe machache zaidi kwa kuwa tu mwanahisa mwenzake ni serikali. Ningesema aelezwe zaidi, maana waziri ana sababu za kisiasa ambazo mfanyabiashara hana.

Wakurugenzi wana pingamizi nyingine tatu. Ya kwanza, kwamba mshindani atazijua siri zao. Anayesema hivi aulizwe ni siri gani iliyomo katika kodi ya jengo la mkurugenzi au ada ya forodha ambayo kila wakala anaijua. Siri za kweli, kama mchanganyiko wa saruji au bei ya mteja mmoja, hazihitajiki hapa. Ya pili, kwamba mkaguzi wa hesabu amekwisha kuangalia. Mkaguzi huangalia kama kilichoandikwa ni kweli, na hulipwa na kampuni anayoikagua. Si kazi yake kusema kama mkataba ulikuwa na manufaa. Ya tatu, kwamba hata London wamelegeza kamba. Ni kweli: Julai 2024 mamlaka ya Uingereza iliondoa sharti la wanahisa kupigia kura miamala mikubwa ya namna hii. Lakini tazama walichobakiza. Muamala mkubwa sharti utangazwe mara tu unapokubaliwa, bodi iupitishe bila mwenye maslahi, na mshauri wa nje athibitishe kuwa ni wa haki kwa wanahisa wengine. India imekaza zaidi: muamala mkubwa unahitaji kura ya wanahisa, na wenye uhusiano hawaruhusiwi kuupitisha kwa kura zao. Sisi tungetosheka hata na nusu ya London, yaani tangazo la siku hiyohiyo, lenye jina, bei, na bei nyingine mbili za kulinganisha.

Wapo pia wasemao, kwa huruma, kwamba mwanahisa wa Bulumbi hatasoma ripoti ya kurasa mia mbili. Hatasoma, ni kweli. Lakini atasoma ukurasa mmoja wa Kiswahili au Kisamia, na atausoma kwa makini kuliko meneja wa mfuko wa Nairobi, kwa sababu fedha zilizomo ni za shamba alilouza. Tangu 2020 makampuni mengi ya Kenya hufanya mkutano mkuu kwa njia ya simu na intaneti, na mwanahisa hujiandikisha na kutuma swali bila kupanda basi la kwenda Nairobi. Kabla ya mkutano aifungue ripoti kwenye maelezo ya pande zenye uhusiano, achague kiasi kikubwa kuliko vyote katika jedwali, kisha aulize: nani alilipwa, ni nani kwenye bodi aliyejitoa wakati wa kuamua, na mtu wa nje angetoza kiasi gani kwa kazi hiyohiyo.